Bakuli Lilale Siku Nzima

Kambini, Jumamosi, 1 Februari

Kijiti,

Marahaba, maana najua umeshasema shikamoo kabla hujafungua bahasha. Dereva wa lori la vyakula atakuletea boksi. Usilikalie, na usimruhusu Shangazi alifungue kwa kisu. Ndani kuna mashine ya kutengenezea aiskrimu. Nimeinunua kwa mhandisi mmoja aliyemaliza kazi yake hapa kwenye ujenzi wa bwawa akarudi kwao; alikuwa nazo mbili, ya pili nimebaki nayo. Mwezi mzima nimeitumia jikoni kwangu, naijua kuliko ninavyokujua wewe.

Barua yako ya mwezi uliopita sikuipenda. Unaniambia Baba tangu apigwe na kiharusi anakula vijiko viwili vya uji kisha anafunga mdomo, na suruali zake mnazifunga kwa kamba. Halafu unamaliza kwa kusema nisiwe na wasiwasi. Wewe ni mtu wa ajabu. Nimewaza, mtu aliyechoka kula anaweza kukubali nini? Kitu baridi, laini, kitamu, kisichotaka meno. Hapa kambini wanaume wenye homa, wasiotaka hata kusikia harufu ya jiko, nimewapa aiskrimu ya embe wakaomba tena.

Sasa sikiliza, na usijifanye mjuaji. Lile bakuli la mashine lina ukuta mnene, na ndani ya ukuta kuna majimaji ambayo lazima yagande. Mashine haina baridi nyingine zaidi ya hiyo. Kwa hiyo bakuli lilale kwenye friza siku nzima, saa ishirini na nne. Ukilitikisa ukasikia maji yanacheza, lirudishe. Chukua maembe mabivu kabisa, yale yanayonukia mpaka mlangoni, uyasage, uyachuje nyuzi. Gramu mia tano za embe, mia na hamsini za sukari, krimu mia mbili na hamsini, maji ya nusu ndimu, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sukari usiipunguze. Baridi huumeza utamu, na hiyo sukari ndiyo inayozuia aiskrimu isiwe jiwe. Washa mashine kwanza, ikishazunguka ndipo umimine. Dakika ishirini na tano. Vipimo hutaniambia umekosea, kwa sababu nyumba yetu, nyumba ya mafundi mizani, haina kitu kingi kuliko mizani.

La mwisho ndilo kubwa. Unaikumbuka siku nilipoacha chuo cha uuguzi nikaenda kuosha masufuria hotelini. Baba alikuwa karakana, amepakata mizani ya mwenye duka la mchele, akasema hatakula kitu kilichopita mkononi mwangu mpaka aingie kaburini. Huu mwaka wa tisa. Kila nikija napika, naye anakula mkate mkavu mbele yangu. Basi kabla hujampa, mwambie kwamba mashine ni ya dada na vipimo ni vya dada. Mwambie kabla, si baada. Sitaki kumwibia mgonjwa kiapo chake. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi wa tatu. Akila, nitakuja nyumbani nikae. Akikataa, nitajua pa kukaa.

Simu hapa ni za kuangalia saa tu, mtandao haufiki. Mpe dereva majibu kila Jumamosi.

Dada yako


Nyumbani, Ijumaa, 7 Februari

Dada, shikamoo.

Boksi limefika zima. Shangazi alishakuja na kisu, nikamnyang'anya. Ili bakuli lienee kwenye friza ilibidi tutoe samaki wake wote, na tumekula samaki siku tatu asubuhi na jioni. Amenuna mpaka leo, ila maembe mawili ameyamaliza akisema anaonja kama yameiva.

Jaribio la kwanza nimeliharibu. Nilimimina kwanza, ndipo nikawasha. Embe likaganda ukutani, mwiko wa mashine ukakwama, mashine ikanguruma kama gari lililonasa topeni. Najua uliandika. Niliisoma barua mara mbili na bado mkono ukafanya mazoea yake. Mimi siku zote naweka mzigo kwanza, ndipo naangalia mizani inasemaje.

Baba nimemwambia. Alikuwa ameketi dirishani, mkono wa kulia ameulaza mapajani. Nilimweleza kila kitu, mpaka gramu. Unajua maneno yake sasa yanatoka moja moja. Alitazama ukuta muda mrefu nikadhani hilo ndilo jibu. Nilipoinuka akanishika shati akauliza, "Embe gani?" Nikamtajia. Akafumba macho. Dada, sijui kama ni ndiyo au hapana, lakini sijawahi kuona mteja anayeuliza habari za mzigo asioutaka.

Nesi anayekuja Jumatano ametuonya tena. Maji, chai, maziwa, vyote lazima tuvitie ule unga wa kuvifanya vizito, kwa sababu koo la Baba limelegea na kitu chepesi kinaweza kupita njia ya pumzi. Uji mzito hauna shida. Aiskrimu sikumuuliza, maana si kinywaji, ni kitu kigumu cha kukata kwa kijiko. Bakuli nimelilaza leo asubuhi mapema. Kesho nampa.

Mdogo wako,
Kijiti


Kambini, Jumamosi, 1 Machi

Kijiti,

Uliandika "kesho nampa". Malori matatu yamekuja baada ya hiyo kesho yako. Dereva akishuka namwangalia mikono, naye ananiambia, "Mama Mpishi, hakuna kitu." Anasema mara mbili amekuta nyumba imefungwa, na leo asubuhi alipogonga, Shangazi alitoa kichwa dirishani, akasema hakuna barua, akafunga.

Shangazi ninayemjua mimi hawezi kumwachia mtu aende bila kumpa habari za mtaa mzima.

Niambie tu. Kama alitema, sema alitema. Kama alifunga mdomo akageukia ukuta, sema hivyo hivyo. Nimepika kwenye majiko ya watu waliokuwa wakinirushia sahani, nina ngozi ngumu. Kinachoniumiza ni kutojua.

Dada yako


Nyumbani, Ijumaa, 7 Machi

Dada, shikamoo.

Samahani kwa ukimya. Ni msimu wa ukaguzi wa mizani sokoni, nashinda huko. Shangazi alikuwa kwa rafiki yake.

Baba hajambo. Alikula. Aliipenda sana. Juzi nilimpa ya embe asubuhi na ya ndizi jioni, zote nimezitengeneza siku hiyo hiyo, akamaliza. Usiwe na wasiwasi.

Kijiti


Kambini, Jumamosi, 8 Machi

Kijiti wangu,

Dereva ananipigia honi, kwa hiyo naandika nimesimama. Nilipofika kwenye neno "alikula" niliingia stoo nikajifungia na magunia ya unga. Msaidizi wangu akadhani nimeumwa na nge. Miaka tisa, Kijiti. Leo wafanyakazi wote wa bwawa wamekula nyama mara mbili na hakuna anayejua sababu.

Sasa tusilale. Mbadilishie ladha asije akakinai. Parachichi lililoiva, sukari, maziwa na ndimu, linatoka laini kama losheni hata krimu huihitaji. Pasheni ichanganye na ndizi, maana pasheni peke yake ina maji mengi, inaganda chembechembe. Papai litie ndimu nyingi, bila hivyo halina la kusema.

Alisema neno lolote? Wewe na uandishi wako wa risiti. "Aliipenda sana." Mtu anasubiri miaka tisa anapewa maneno mawili. Niandikie alikaa vipi, kijiko alishika nani, alisema nini.

Meneja ameniletea karatasi za mkataba mpya wa miaka miwili. Nimemwambia asubiri, huenda nikaenda kwetu.

Dada yako mwenye furaha


Nyumbani, Ijumaa, 14 Machi

Dada, shikamoo.

Ya parachichi nimetengeneza, imetoka vizuri. Ile ya embe ya wiki iliyopita bado ipo friza na ni laini vile vile, kijiko kinazama kama kwenye siagi.

Baba anauliza unakuja lini. Anauliza kila siku.

Kijiti


Kambini, Jumatatu, 17 Machi

Kijiti,

Juzi barua yako ilipofika nilikuwa nalaza bakuli langu kwenye friza ya kambi. Nikafunga mlango wa friza, nikasimama pale pale.

Bakuli ulilonalo ni moja. Bakuli hilo hutoa aiskrimu mara moja, kisha linataka siku nzima kurudi kwenye baridi yake. Wewe unaniambia asubuhi embe, jioni ndizi, siku hiyo hiyo. Haiwezekani. Halafu unaniambia aiskrimu ya nyumbani imekaa friza wiki nzima na kijiko kinazama. Ya nyumbani ikilala siku mbili tu inakuwa tofali, unaiacha mezani kwanza ndipo uikate. Mtu aliyeitengeneza hata mara mbili angelijua hilo. Mdogo wangu, njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye friza.

Kwa hiyo hujatengeneza. Na kama hujatengeneza, ni kwa sababu hakuna wa kuila. Nimeelewa. Ulimwambia imetoka kwangu, naye akafanya kama alivyoapa. Ulimi umekuwa mzito, mkono mmoja umekufa, lakini kiapo chake bado kinatembea. Na hilo la kuuliza nakuja lini umelitia la nini? Hapo ndipo uliponikata maini. Mengine ningekusamehe.

Mlinionea huruma, wewe na Shangazi. Mmekaa mezani mkapanga cha kumwambia maskini yule wa kambini. Sikuomba huruma, niliomba kuambiwa.

Karatasi za meneja zinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Sina tena sababu ya kumsubirisha. Mashine mpe jirani mwenye watoto.

Dada yako


Nyumbani, Jumapili, 23 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisoma jana nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kabla ya yote, Baba hakuikataa aiskrimu yako. Aliila. Hilo peke yake katika yote niliyoandika ni kweli, na ndilo lililotuletea balaa.

Jumamosi ile, tarehe nane mwezi wa pili, ilitoka nzuri, rangi ya kiini cha yai. Nilimketisha Baba, nikamkumbusha mara ya pili kwamba ni yako. Akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza alikaa nacho mdomoni, machozi yakamtoka, nikadhani ni ubaridi. Cha pili, cha tatu. Baada ya cha nne akasema, "Kaiva." Nikamuuliza, embe? Akatikisa kichwa kama ananionea aibu.

"Dada yako. Kaiva."

Alikula vijiko saba, nilihesabu. Tangu augue hajala vijiko saba vya kitu chochote. Shangazi alikuwa anapiga vigelegele mlangoni, mimi nacheka kama mjinga. Cha nane akakohoa. Nikasubiri kidogo, nikampa cha tisa, kwa sababu alikuwa anakitaka, na kwa sababu nilitaka kukuandikia kwamba alimaliza bakuli.

Jioni pumzi yake ilikuwa na sauti ya msumeno na mwili unawaka. Tulilala hospitali usiku kumi na tano, ndiyo maana dereva alikuta nyumba imefungwa. Homa ya mapafu. Mtaalamu wa kumeza, mama mmoja mpole, aliniuliza mgonjwa alikula nini. Nikamwambia aiskrimu, si kinywaji. Akaweka kalamu chini. Akasema aiskrimu ni kinywaji kinachosubiri kufika mdomoni tu. Ikiyeyuka inakuwa nyepesi kama maziwa, na koo la Baba haliwezi kuizuia, ikaingia kifuani.

Nilijiambia nakuficha ili usije ukajilaumu kwa zawadi yako. Sababu hiyo nimeipima kila siku, na mizani inalala upande wangu. Nesi aliniambia mimi. Kijiko nilishika mimi. Niliyekuwa namficha ni mimi.

Mashine iko juu ya kabati la karakana, nimeifunika gunia. Kila asubuhi Baba anagonga meza kwa kijiko na kuonyesha friza. Nikamwambia mashine imeharibika. Akasema, "Lete nitengeneze." Hawezi hata kufunga kifungo cha shati, Dada. Amedhoofika sana kuliko mwezi wa kwanza, na nesi siku hizi anaongea nami ukumbini kwa sauti ya chini.

Kuuliza unakuja lini nako ni kweli. Hilo sikulitunga.

Niite mwongo, nakubali. Lakini hiyo karatasi usiitie saini. Lori linaondoka Jumamosi, kwa hiyo barua hii itakaa siku sita kwenye droo, nami nitakuwa naifungua droo kuiangalia.

Mdogo wako,
Kijiti


Kambini, Jumamosi, 29 Machi

Nilitia saini Jumatano.

Usimpe chochote cha baridi mpaka nikuandikie. Dereva ana haraka.

Dada


Kambini, Ijumaa, 4 Aprili

Kijiti,

Siku nne nimekukasirikia, ya tano nimechoka. Nikwambie la moyoni kisha tuliache. Kwa wiki mbili nzima ulinifanya nimchukie Baba, wakati ndiyo kwanza alikuwa amenikubali. Nilikuwa nakata vitunguu namsema kwa sauti mpaka msaidizi wangu akaogopa. Hilo litanichukua muda.

La pili. Mizani yako hujaipima sawasawa. Mimi nilisoma uuguzi miaka miwili. Somo la kumlisha mgonjwa wa kiharusi nililifaulu vizuri, daftari lake bado ninalo kwenye sanduku. Na barua yako ya mwezi wa pili ilikuwa na maneno yote ya nesi, uliyaandika wazi. Niliyasoma nikayaruka, nikakimbilia pale aliposema "embe gani". Hata ningeshtuka nisingewahi, kwa kuwa ilinifikia siku ile ile uliyompa. Lakini sikushtuka. Nilitaka kusamehewa kuliko nilivyotaka mzee wetu ameze salama. Kile kijiko tulikishika wawili.

Sasa kazi. Nesi wa zahanati ya kambi amenipa kopo la ule unga wa kufanya vitu vizito. Wiki hii kila jioni nimetengeneza aiskrimu, nimeweka kijiko kimoja kwenye sahani karibu na jiko, nimekaa kuiangalia. Embe na krimu, dakika kumi limekuwa dimbwi. Papai halikufika hata dakika saba. Pasheni usiulize. Parachichi na ndizi mbivu, na unga nilioukoroga humo kabla ya kugandisha, dakika ishirini limelainika lakini limekaa kilima. Nimeinamisha sahani, halikutiririka. Limeshuka polepole kama uji mzito, na hakuna maji yaliyojitenga pembeni.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Tengeneza, lakini usimpe Baba. Nakuomba, usimpe. Ipeleke kwa yule mama wa kumeza, aiyeyushe mbele yako, aipime anavyojua. Akisema hapana, iwe hapana, utamwambia Baba ukweli naye ataelewa. Alitulea kwa kutuambia uzito wa kitu hata kama mteja hataupenda.

Dada yako


Nyumbani, Ijumaa, 11 Aprili

Dada, shikamoo.

Nilitengeneza Jumatatu. Safari hii niliwasha kwanza ndipo nikamimina. Nikaipeleka hospitali kwenye boksi la barafu, na yule mama akatoa saa yake, akakaa nayo nusu saa nzima mbele ya wagonjwa wengine. Aliipitisha kwenye uma kuona kama itapenya, akainamisha sahani kama ulivyofanya wewe. Akauliza nani kaitengeneza. Nikamwambia dada yangu, alisoma uuguzi kidogo, sasa ni mpishi. Akasema hayo yote mawili yanaonekana.

Ameruhusu. Masharti ni nusu kijiko cha chai kwa mara moja, mgonjwa ameketi wima, nesi awepo, vijiko vitano basi.

Jumatano nesi alikuja. Tukamketisha Baba, Shangazi akamfunga kitambaa shingoni. Akaiangalia. Akauliza, "Ya nani?" Nikamwambia vipimo vya dada, mkono wangu. Akafunga mdomo. Nikasogeza kijiko, akageuza uso. Nesi akajaribu, Shangazi akabembeleza, akatania, mwisho akafoka. Hakufungua. Akaonyesha penseli yangu ya kuandikia uzito. Ameandika kwa mkono wa kushoto, nyuma ya lebo ya mizani, na ilimchukua muda mrefu mpaka nesi akakaa chini. Nakutumia kama ilivyo, usiseme nimetunga.

Tangu siku hiyo uji nao anaukataa. Nimemwambia umefungwa na mkataba, huwezi. Anaonyesha mlango. Nesi aliniita ukumbini akaniambia tusihesabu wiki tena, tuhesabu siku.

Sikuombi uje. Nakwambia ilivyo, kwa sababu uliniambia kinachokuumiza ni kutojua.

Mdogo wako,
Kijiti

[Ndani ya bahasha, nyuma ya lebo ya karatasi, kwa penseli:]

MKONO WAKO.
MWINGINE SILI.
NJOO.


Kambini, Jumamosi, 12 Aprili

Kijiti,

Nimesoma lebo. Mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza, na amri ni zile zile.

Nimemwambia meneja naondoka. Akasema anayevunja mkataba mwezi wake wa kwanza asitegemee kuuona tena mlango wa kambi hii wala kambi yoyote ya kampuni yake. Nikamwachia aproni juu ya kiti. Alinifuata mpaka nje kuniuliza nani atapika chakula cha jioni.

Dereva leo amebeba wagonjwa wawili mbele, hakuna nafasi hata ya kusimama. Barua hii itakufikia jioni. Mimi natoka kesho alfajiri na gari la wafanyakazi, lile linalozungukia vijiji vyote, nitaingia hapo kesho jioni. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, inuka. Toa samaki wa Shangazi, anune akitaka. Bakuli lilale sasa hivi, mpaka nifike litakuwa limetimiza siku yake. Maparachichi yabonyeze mwenyewe, yale yanayolegea shingoni. Ndizi ziwe na madoa. Mwombe nesi aje hata kama si siku yake. Usisage kitu, usipime kitu. Vyote nitavifanya mimi.

Baba mwambie nimesema naja. Mwambie usiku huu, na asubuhi mwambie tena.

Jambo moja, mdogo wangu. Mimi na wewe tumeshafichana vya kutosha. Nikifika kona ya nyumba nikakuta viti vimetolewa nje na watu wamekaa, usije kunipokea na maneno ya kunituliza. Nyamaza tu, nitaelewa. Na bakuli usiliguse. Liache humo humo kwenye friza, nije nilitoe kwa mkono wangu.

Dada yako